Deki ya Mteja Ndiyo Inayoamua Diski

Mwaka 2009 nilipanda boti ya abiria kutoka gati ya Lamu kwenda Faza nikiwa na diski moja ya DVD ndani ya kasha gumu, nimelifunga kwa kitambaa ili lisipate maji ya chumvi. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na harusi ya siku tatu ambayo niliipiga Lamu mjini na kuihariri kwa wiki mbili. Mama wa bi harusi, aliyekuwa amesharudi kwao Faza, aliniomba niilete kwa mkono wangu, kwa sababu sehemu kubwa ya picha zile zilikuwa za wanawake peke yao, na hakutaka zipite kwa nahodha wala kwa mchukuzi. Tulingoja maji yajae ndipo tukapita mlango wa bahari wa Mkanda, na nilipofika alasiri nilikuta chumba kimejaa: mashangazi, mama wadogo na majirani, mabuibui yametundikwa nyuma ya mlango, sinia la mahamri katikati ya mkeka, na jenereta ndogo inanguruma uani kwa mafuta yaliyonunuliwa kwa ajili ya kuitazama harusi hiyo tu.

Nilitia diski. Deki iliizungusha, ikanyamaza, ikaizungusha tena, lenzi ikasikika ikipanda na kushuka kama inayotafuta kitu gizani, kisha kwenye kioo yakatokea maandishi ya kwamba hakuna diski. Niliitoa, nikaifuta, nikairudisha, na majibu yakawa yale yale. Mama wa bi harusi akaniita kwa upole, "Mwanangu, ndoo uone, hii ya harusi ya binamu yake yaonyesha," akatia diski yake ya zamani, na kweli ikaonyesha bila taabu yoyote. Nilipoinama kusoma alama zilizochapwa usoni mwa deki ile, niliona ya VCD, yaani CD ya video, na ya MP3, na sikuona ya DVD. Jenereta ilizimwa, mahamri yakaliwa, na wageni wakaondoka mmoja mmoja huku wakinitakia safari njema.

Kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa nimechagua namna ya diski kwa kutazama kamera yangu, kompyuta yangu na uzuri niliotaka kazi yangu iwe nao, bila kuuliza hata mara moja diski hiyo itatiwa wapi. Tangu siku hiyo sijaanza kuhariri harusi ya mtu yeyote kabla ya kuijua mashine ambayo itaionyesha, na nayaandika haya kwa ajili ya vijana wa Lamu na Malindi wanaoingia katika kazi hii wakiwa na kamera nzuri kuliko zangu, lakini ambao bado nawaona wakimkabidhi mteja diski au flashi na kuondoka bila swali.

Ni vyema kwanza kuelewa kwa nini deki ya Faza isingeweza kuisoma diski yangu hata kama ningeifuta mara mia. Kwa macho, CD na DVD ni kitu kimoja, kwa kuwa zote zina upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Tofauti yao imo ndani. Data ya CD imekaa juu kabisa, chini kidogo tu ya upande wenye maandishi, na husomwa kwa mwanga wa leza usioonekana kwa jicho, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 780. Data ya DVD imekaa katikati ya vipande viwili vya plastiki vilivyogandishwa pamoja, vishimo vyake ni vidogo zaidi, mistari yake imesongamana zaidi ya mara mbili kuliko ya CD, na huhitaji leza nyekundu ya nanometa 650. Deki iliyoundwa kwa ajili ya VCD haina leza hiyo. Deki ya DVD, kwa upande wake, kwa kawaida huweza kusoma CD, na ndiyo maana mtu aliyezoea deki mpya husahau kwamba njia hiyo haina kurudi.

Nilirudi Lamu, nikaitengeneza harusi ile upya kwa VCD, na kazi hiyo ilinifunza mengi kuliko ile ya kwanza. VCD iliwekewa kanuni zake mwaka 1993, na kanuni hizo hazina msamaha: kwa PAL, mfumo wa picha za luninga tunaoutumia Kenya, picha ina nukta 352 kwa 288, fremu 25 kwa sekunde, imebanwa kwa njia iitwayo MPEG-1 kwa kasi isiyobadilika ya kilobiti 1,150 kwa sekunde, na sauti yake ni kilobiti 224. Diski moja hubeba dakika 74 hadi 80. DVD ya PAL ina nukta 720 kwa 576, yaani zaidi ya mara nne ya zile za VCD, na upungufu huo hauonekani popote kwa uchungu kama unavyoonekana mikononi mwa bi harusi. Mikono ile huchorwa hina na piko kwa saa nyingi, na katika DVD mtazamaji aweza kulifuata ua moja kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kiwiko. Katika VCD yangu ya kwanza maua yote yalikuwa yamegeuka madoa ya kahawia, na kila mara wanawake walipoinua pembe zao za vugo, ngoma yao ya harusi, na kuzigonga, picha ilivunjika vijiraba vijiraba kama sakafu ya vigae.

Haikunitosha kuigeuza ile filamu ya DVD iwe VCD kwa kubonyeza kitufe. Nilirudi kwenye kanda za mwanzo na kuchagua upya. Pale ambapo nilikuwa nimezungusha kamera chumba kizima ili kuonyesha watu wote, niliweka picha ambazo kamera ilikuwa imetulia juu ya miguu yake mitatu, kwa kuwa MPEG-1 kwa kasi ndogo vile huimudu picha iliyotulia na kushindwa na picha inayokimbia. Pale nilipokuwa na mikono yote miwili ya bi harusi kwa mbali, niliweka kiganja kimoja kikiwa kimejaza kioo, ili mchoro wa piko upate nukta za kutosha za kujieleza. Nilipunguza pia sehemu zilizopigwa gizani, maana chembechembe za giza hula biti nyingi bila faida. VCD tatu zilizotoka hapo, nilizozipeleka Faza wiki mbili baadaye, zilikuwa na ukungu kuliko DVD, lakini zilikuwa kazi niliyoikusudia, na zilionyesha tangu mwanzo hadi mwisho. Palikuwa pia na SVCD, yenye MPEG-2 na nukta 480 kwa 576, ambayo baadhi ya wenzangu waliisifu kama njia ya kati. Mimi niliijaribu katika deki tano au sita za Lamu, nikaona kila moja inaitendea kwa namna yake, nikaiacha.

Basi nauliza nini siku hizi? Simwulizi mteja ataka diski gani, kwa sababu kwetu kila kitu cha duara kinachong'aa huitwa sidii, na wengine huita vyote DVD, hivyo jina analolitaja halinifungulii jambo. Namwomba anipigie picha ya uso wa deki yake kwa simu, pale penye alama ndogo ndogo, na nyingine ya nyuma, penye matundu ya nyaya. Kisha namwomba aniletee diski ambayo ilionyesha vizuri mara ya mwisho, iwe ya mawaidha, ya filamu ya Kihindi au ya harusi ya jirani. Naigeuza chini ya taa. Ikiwa upande wa chini ni fedha tupu, hiyo ilipigwa kiwandani. Ikiwa ni ya zambarau au ya kijani-buluu, hiyo ilichomwa kwa kompyuta kama zangu. Mteja ambaye diski zake zote zinazoonyesha ni za kiwandani, na za kuchomwa zinakatakata, amekwisha kunieleza bila kujua kwamba lenzi ya deki yake imechoka au imeingia vumbi la chumvi, kwa kuwa diski ya kuchomwa husomeka kwa shida kidogo zaidi hata ikiwa mpya.

Nikiwa bado na shaka huenda mwenyewe. Katika mkoba wangu mna diski nne za majaribio zenye dakika tatu tatu za picha ile ile, ambazo ni VCD iliyochomwa kwenye CD-R, kisha DVD-R, DVD+R na DVD-RW. Robo saa ya kukaa katika sebule ya mtu na kuzitia moja baada ya nyingine imeniokoa na safari nyingi za bure, na kwa kawaida kahawa huwa haijapoa kabla sijapata jawabu.

Mara nyingi jawabu huwa ni DVD, na hapo ndipo kazi ya hesabu inapoanza. Diski ya kawaida ya DVD hubeba gigabaiti 4.7, nayo ni kama sinia la pilau, kwamba ukubwa wake ni ule ule wakae watu wanne au wakae wanane, na kinachobadilika ni tonge la kila mmoja. Ukitia saa mbili za filamu, kila sekunde hupata takriban megabiti 5 za picha na sauti pamoja. Ukitia saa tatu, hupata kama megabiti 3.5, na hapo vijiraba nilivyovikimbia katika VCD huanza kurudi palipo na ngoma. Ukitia saa moja tu, hesabu itakupa zaidi ya megabiti 10, lakini usishawishike kuzitumia, kwa kuwa kanuni za DVD haziruhusu picha ipite megabiti 9.8 kwa sekunde, na deki nyingi za bei nafuu huanza kukwama hata kabla ya hapo diski ikiwa ni ya kuchomwa. Mimi sipandi juu ya 8, na wastani wangu huwa karibu na 6. Naiacha programu iipitie filamu mara mbili, mara ya kwanza kupima na mara ya pili kubana, ili biti zinazookolewa bi harusi akiwa ameketi ametulia zipelekwe kwenye vugo na kwenye kirumbizi, ngoma ya wanaume ya fimbo.

Kuna jambo ambalo sikulisoma katika mwongozo wowote bali nililiona kwa macho yangu kwa muda mrefu kabla ya kulielewa. Wateja waliorudi kulalamika karibu wote walisema neno moja, kwamba diski ilikwenda vizuri mpaka bi harusi alipotolewa, kisha ikagoma. Nikazichukua diski zao na kuziinamisha chini ya dirisha. Diski iliyochomwa huonyesha duara mbili za rangi, moja iliyokolea na nyingine iliyopauka kidogo, na pale rangi zinapokutana ndipo data ilipoishia. DVD huandikwa kutoka karibu na tundu la katikati kwenda nje, kwa hiyo mwanzo wa filamu hukaa ndani na mwisho wake hukaa ukingoni. Ukingoni ndipo rangi ya kemikali inapokuwa na kasoro nyingi zaidi, ndipo vidole vinaposhika, na ndipo vile vipande viwili vya plastiki vinapoanza kuachana kwa joto na unyevu wa mwambao. Harusi ya Lamu nayo ina mpangilio wake, ambao kupamba, yaani kumtoa bi harusi aliyepambwa mbele ya wanawake, huja mwishoni, baada ya nikahi, baada ya hina, baada ya ngoma zote. Nilikuwa nikiichukua saa ile ambayo familia nzima imeingojea, na kwa kufuata tu mpangilio wa siku, nikiiweka mahali pabovu kuliko pote katika diski.

Ndipo nikaacha kuzijaza diski zangu. Nasimama karibu na gigabaiti 4.2, ukingo nauacha mtupu, na harusi naigawa katika diski mbili. Mgawanyo huo nao haukuhitaji kubuniwa, maana umo katika harusi zetu wenyewe: diski ya kwanza ina mambo ya wanaume, yaani nikahi msikitini, kirumbizi na karamu, nayo yaweza kutazamwa sebuleni mbele ya mgeni yeyote. Diski ya pili ina hina, vugo na kupamba, nayo ni ya wanawake peke yao. Kila moja hutoka na takriban saa moja na nusu, kila sekunde ikipata zaidi ya megabiti 6, na sitara ya nyumba ikalindwa kwa uamuzi ule ule ulioiokoa picha. Naandika juu ya diski yenyewe, kwa kalamu ya wino wa maji na karibu na tundu la katikati, kwamba hii ni ya wanawake, kwa sababu makasha huchanganywa na watoto. Stika za karatasi niliziacha zamani. Hewa ya Lamu huzibandua, na stika iliyobanduka nusu huifanya diski iyumbe au inase ndani ya deki.

Juu ya aina za diski tupu nitasema kwa ufupi. DVD-R ndiyo inayokubaliwa na deki nyingi za zamani, na ndiyo ninayoanza nayo. DVD+R nayo ni njema, hasa kama mashine ya kuchomea yaweza kuibadilisha alama yake ya ndani ili deki iidhanie kuwa diski ya kiwandani. DVD-RW na DVD+RW huakisi mwanga kidogo zaidi, deki nyingi huzikataa, na kumpa mteja diski inayoweza kufutwa ni kumwekea hatari asiyoiomba. Diski ya tabaka mbili ya gigabaiti 8.5 hushawishi, lakini baadhi ya deki husita pale leza inapohama kutoka tabaka moja kwenda jingine, na nyingine hazivuki kabisa. Nachoma kwa spidi ya mara 4 hadi mara 8 hata kama kasha laruhusu 16, naifunga diski kwa programu, isiandikwe tena, ili isomeke popote, kisha naitazama katika deki kuukuu niliyoinunua kwa ajili hiyo, nikianzia sura ya mwisho ya filamu badala ya kwanza.

Menyu zenye muziki na maua yanayoanguka ziliwahi kunifurahisha sana. Siku hizi diski zangu huanza zenyewe mara zinapotiwa, kwa sababu katika nyumba nyingi rimoti ilikwisha kupotea, na bibi aliyekaa peke yake mchana asitazame menyu inayozunguka bila kujua aifanyeje. Umbo la picha nalo huamuliwa na luninga iliyopo: kamera hupiga picha pana ya 16 kwa 9, na luninga ya kizamani ya 4 kwa 3, ikiwa deki yake haitii maagizo ya diski, humrefusha bi harusi hadi mama yake asimtambue. Kwa nyumba hizo naweka mistari myeusi juu na chini ndani ya picha yenyewe, na majina ya maharusi nayaweka mbali na kingo, maana luninga za aina hiyo hukata pande zote nne.

Halafu wapo walio ng'ambo, na hakuna harusi ya Lamu isiyokuwa na mtu ng'ambo. Anayeishi Maskati au Uingereza hanipi taabu, kwa kuwa huko nako mfumo ni PAL kama wetu. Mwaka 2012 niliagizwa diski kwa ajili ya shangazi wa bwana harusi aliyeko Toronto, ambako mfumo ni NTSC, wenye mistari 480 badala ya 576 na takriban fremu 30 kwa sekunde badala ya 25. Deki zetu kwa kawaida huonyesha diski za NTSC bila shida, lakini deki nyingi za Marekani na Kanada huzikataa za PAL, na hilo nililijua. Niligeuza picha kwa uangalifu, nikaipeleka diski kwa mkono wa jamaa aliyesafiri, na baada ya siku kumi shangazi yule akapiga simu kusema kwamba anawaona watu wake wote lakini hawasikii. Nilikuwa nimeacha sauti katika namna ya MPEG, ambayo kanuni za PAL huikubali peke yake, lakini kwa NTSC diski lazima iwe na sauti ya AC-3 (Dolby Digital) au ya PCM isiyobanwa, na deki yake haikulazimika kuielewa ile yangu. Mwanamke yule alitazama nikahi ya mtoto wa kaka yake bila kusikia khutba wala vigelegele. Diski ya pili ilikuwa na AC-3 ya kilobiti 192, na tangu hapo kila DVD itokayo mikononi mwangu, iende Shela au iende Kanada, ina sauti ya AC-3.

Wateja wengi hudhani taabu za ng'ambo hutokana na namba za kanda, yaani za maeneo ya dunia. Ni kweli kwamba filamu za dukani hufungwa kwa namba hizo, Kenya ikiwa katika kanda ya 5, Uingereza ya 2, Marekani na Kanada ya 1, na diski ya filamu iliyonunuliwa London huweza kukataliwa na deki ya hapa. Diski ya harusi haifungwi kwa namba yoyote. Ikikataa ng'ambo, tazama mfumo wa picha, kisha sauti.

Vijana huniuliza kwa nini bado nachoma diski katika zama za flashi na simu. Flashi ni chombo kizuri, na kwa luninga mpya yenye tundu lake natoa faili la MP4 lenye nukta 1920 kwa 1080, ambalo ni safi kuliko DVD yoyote nitakayochoma. Hata hapo mashine huamua. Flashi lazima iandaliwe kwa mfumo wa FAT32, ambao luninga na deki nyingi huuelewa, nao haukubali faili moja kupita gigabaiti 4, hivyo filamu ndefu huikata vipande. Deki za DVD zenye tundu la flashi, ambazo ni nyingi mno mitaani Langoni na Mkomani, kwa kawaida haziwezi kulifungua faili hilo la MP4. Hutaka AVI iliyobanwa kwa Xvid au DivX, yenye ukubwa wa picha wa DVD. Mteja huona tundu, huchomeka flashi, huona jina la faili lakini picha haitoki, kisha hudhani nimemuuzia flashi mbovu.

Lakini sababu kubwa haimo katika tundu. Picha za kupamba zina wanawake waliovua mabuibui yao kwa kuamini kwamba waliomo chumbani ni wanawake watupu, na kwamba mwenye kamera ni mwanamke mwenzao. Walinikaribisha kwa sharti hilo. Faili lililomo katika flashi huhamia kwenye simu kwa dakika chache, na kutoka simu moja huenda kwa watu ambao hakuna aliyewahesabu. DVD nayo yaweza kunakiliwa, na sitamdanganya mteja kwa kumwambia vinginevyo, lakini kuinakili kunahitaji kompyuta yenye sehemu ya diski, programu, muda na nia, na kompyuta nyingi za sasa hazina hata sehemu hiyo. Kwa hiyo nauliza swali jingine, ambalo mwaka 2009 sikulijua: nani atakuwa chumbani filamu hii ikitazamwa? Nikiambiwa kwamba vijana wa nyumba hutumia luninga ile ile na flashi zile zile, sehemu ya wanawake naitoa kwa diski tu, na nakala zake nazihesabu mbele ya mama wa bi harusi.

Blu-ray nimeifanya mara moja, kwa familia yenye nyumba kubwa Shela iliyokuwa na deki yake. Gigabaiti 25 zilinipa nafasi ya kuonyesha kila uzi wa kilemba. Ila jihadharini na programu zinazochoma picha za kiwango hicho kwenye DVD tupu ya kawaida. Diski hiyo kwa sura ni DVD, ina takriban nusu saa tu ya picha safi sana, na husomwa na baadhi ya deki za Blu-ray peke yake. Deki ya DVD itaizungusha na kuikataa kama ile ya Faza ilivyonikataa mimi.

Mwaka jana bi harusi yule wa 2009 alikuja dukani kwangu na VCD zake tatu zikiwa zimefungwa katika leso. Mbili zilikuwa zimekufa. Niliinua moja kuelekea dirishani, na mwanga wa jua ukapenya katika vitundu vidogo kama vya sindano, mahali ambapo fedha ya CD, isiyokuwa na kinga ila rangi nyembamba ya upande wa maandishi, ilikuwa imeliwa na kuchubuka. Hakuna mashine ya kurudisha kilichokuwa pale. Lakini kanda zake za MiniDV, za dakika 60 kila moja, bado ninazo ndani ya bati lililofungwa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na kwangu kanda hizo ni amana ya watu, sizifuti. Nikamwambia kwamba nitamfanyia upya, na kwamba safari hii piko yake itaonekana.

Nilipofungua kinywa kuuliza juu ya mashine, alikuwa amekwisha kutoa simu. "Mama kaniagiza nikuonyeshe hii kwanza," akasema, akanipa picha ya uso wa deki mpya iliyoko Faza, imepigwa kwa karibu, alama zote zinasomeka: DVD, VCD, MP3, na tundu la flashi pembeni. Nikamwuliza nani huitumia. Akasema ni mama na wajukuu, na wajukuu wakubwa ni wavulana. Nilichoma DVD-R mbili, ile ya wanawake ikiwa na gigabaiti 4.1, nikaitazama kuanzia sura ya mwisho, na flashi sikutoa.